AKUFUKUZAYE HAKWAMBII TOKA

Kila tuzungumzapo habari za afya ya wananchi, hesabu yetu huwa ni ya majengo na ya watu waliopelekwa. Twasema zahanati kadhaa zimefunguliwa, wauguzi kadhaa wameajiriwa na kupangiwa vituo. Hesabu hiyo ni njema wala hatuibezi, maana ni jasho la wananchi na kodi yao. Lakini iko hesabu ya pili ambayo haisomwi mikutanoni, nayo ni ya wale waliobaki. Katika wauguzi waliofika kituoni miaka mitatu iliyopita, wangapi wangali hapo leo? Na walioondoka, waliondoka kwa sababu gani? Leo twapenda kuisoma hesabu hiyo ya pili, na kwa kuwa jambo hueleweka zaidi likitazamwa mahali pamoja, tutaitazama tukiwa tumesimama Galula.

Galula ni kata ya Wilaya ya Songwe, katika Mkoa wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mkoa wa Mbeya. Mtu akitoka Mbalizi, huiacha barabara kuu iendayo Tunduma, akashika njia ya Mkwajuni na Makongolosi, akateremka mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Mto Songwe upitao huko si ule wa mpakani na Malawi, umwagikao Ziwa Nyasa. Huu wa Galula maji yake huishia Rukwa. Ni bonde la joto na mbu, nalo ni bonde la watu wachapakazi: wakulima wa mpunga, wafugaji, na kule upande wa Saza na Mkwajuni wachimba dhahabu. Misheni ya Kikatoliki ilijengwa Galula zamani kabla ya Uhuru, na kama ilivyokuwa katika sehemu nyingi za nchi hii, wananchi wa bonde walizoea tangu hapo kwamba dawa na faraja hutoka katika mikono ya mtu aliyekubali kuja kukaa nao mbali na kwao.

Twataka tueleweke mapema. Hatusemi habari za kituo fulani wala za mkuu fulani. Tunasema habari za mahali pa namna ya Galula, ambako muuguzi mmoja akihama, pengo lake huonekana usiku uleule. Mjini Mbeya mama mja mzito akikuta zamu haina mtu wa kutosha, ataelekezwa hospitali nyingine. Bondeni, mama huyo hana hospitali nyingine. Kwa hiyo kubaki au kuondoka kwa muuguzi si jambo la ofisi ya utumishi peke yake. Ni jambo la uhai.

Nani asiyejua kazi iliyofanywa na wauguzi na wakunga wetu katika miaka ya karibuni? Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria kuwa katika kila vizazi hai 100,000, akina mama 556 walipoteza maisha kwa sababu za uzazi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Serikali ilijenga, ikanunua dawa na magari ya wagonjwa, na sifa hiyo ni yake. Lakini jengo halizalishi mama, wala gari halizuii damu. Nyuma ya tarakimu hizo kuna mtu aliyekesha. Tukimpoteza mtu huyo, tarakimu zitarudi zilikotoka, na tena hazitarudi kwa kishindo; zitarudi kimya kimya, kijiji kwa kijiji.

Basi kwa nini muuguzi huondoka? Jibu la haraka ni mshahara, na jibu hilo lina ukweli ndani yake. Historia yetu yaonyesha hivyo. Mwaka 1993, katika shida za marekebisho ya uchumi, ajira za serikali zilisimamishwa, na vijana waliohitimu uuguzi wakakaa nyumbani huku wodi zikiwa tupu. Ilipofika mwaka 2006 na 2007 serikali ikaajiri kwa wingi na kupandisha mishahara, na hospitali nyingi za misheni zikaona wauguzi wao wakivuka kwenda serikalini. Uchunguzi uliofanywa wilayani Mbulu, ukachapishwa mwaka 2012, uliwauliza watumishi wa afya sababu ya kupenda ajira ya umma, nao wakataja pensheni, usalama wa kazi na nafasi ya kwenda masomoni. Hayo ni madai ya mtu mwenye akili timamu, mwenye watoto na uzee mbele yake.

Serikali ya Chama chetu nayo haikulala. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma kiliongezwa kwa asilimia 23.3. Siku ya Wafanyakazi ya mwaka 2025, huko Singida, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza nyongeza ya asilimia 35.1, kima cha chini kikatoka shilingi 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Wafanyakazi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini hapa ndipo yatupasa kufikiri. Ngazi ya mshahara wa muuguzi wa serikali ni moja nchi nzima. Muuguzi wa Galula na mwenzake wa cheo kilekile aliye Vwawa, makao makuu ya mkoa, hupokea mshahara wa ngazi ile ile. Zaidi ya hayo, vituo viwili vya wilaya moja, vyenye joto moja na njia moja mbovu, vyaweza kutofautiana: kimoja watu hukaa miaka kumi, kingine kila mwaka ni barua za kuomba uhamisho. Kama mshahara ndio sababu yote, vituo hivyo vingefanana. Kwa kuwa havifanani, hapana budi kuwa na sababu nyingine, nayo imo ndani ya kituo chenyewe. Twasema bila kuficha kwamba sababu hiyo, mara nyingi, ni uongozi.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Kiongozi mbaya hamwandikii muuguzi barua ya kumwondoa, tena pengine atakuwa wa kwanza kulalamika wilayani kwamba hana watumishi. Lakini tazama matendo yake. Orodha ya zamu hupangwa na mtu mmoja chumbani, ikabandikwa ukutani kama amri ya mahakama. Wengine usiku huwaangukia wiki baada ya wiki, na wengine hawaujui. Ikitokea semina yenye posho, majina ni yale yale. Likizo huombwa kama sadaka. Fomu ya kupandishwa cheo hulala katika mtoto wa meza mpaka mwaka wa fedha unapita, na mwenye fomu akiuliza huambiwa ana haraka ya nini. Dawa zikiisha, aliye dirishani ndiye hukaripiwa, ingawa si yeye aagizaye. Na likitokea ajali ya kazi, kabla ya kuuliza limetokeaje, huulizwa nani wa kuadhibiwa.

Hakuna hata moja katika hayo ambalo kwa peke yake lingemfanya mtu aache kazi. Yakikusanyika, muuguzi huanza kuhesabu siku. Huomba ruhusa ya kwenda kusoma, kisha hatarudi. Au hutafuta ndoa, ugonjwa, au ndugu aliye na jina mjini, ili mradi apate sababu ya kuandika katika barua ya uhamisho. Ofisi husoma sababu hiyo na kuiamini. Sababu ya kweli haikuandikwa popote, wala hapana aliyemwuliza.

Si sisi tu tuliolitambua jambo hili. Huko huko Mbulu, uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2011 ulisikiliza malalamiko ya watumishi wa afya wa umma, na neno lililorudi kila mara lilikuwa moja: kutotendewa haki. Walilalamikia malipo, naam, lakini walilalamikia vile vile namna vyeo na nafasi za kujiendeleza zilivyogawanywa. Hata fomu za kupima kazi za utaratibu wa OPRAS, ulioanzishwa mwaka 2004 ili mtumishi na mkuu wake wakae pamoja na kusemezana, wengi walisema walizijaza bila kurudishiwa neno. Chombo kilichokusudiwa kuwa mazungumzo kikageuka kuwa karatasi.

Hata katika nchi tajiri mambo ni hayo hayo. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Marekani ilikuwa na upungufu mkubwa wa wauguzi. Badala ya kuuliza tu kwa nini wanaondoka, chama cha wataalamu wa uuguzi wa nchi hiyo kikageuza swali: ni hospitali zipi ambazo wauguzi hawaziachi, na zina nini? Mwaka 1983 kikachapisha habari za hospitali 41 za namna hiyo. Ikaonekana kuwa hospitali hizo zilifanana katika mambo ya uongozi: muuguzi mkuu alikuwa na sauti katika maamuzi ya hospitali na alionekana wodini, wauguzi walishirikishwa katika kupanga zamu na kazi yao, walipewa nafasi ya kujiendeleza, na ujuzi wao uliheshimiwa na madaktari. Basi ikiwa Mmarekani mwenye mshahara mnono huondoka anapodharauliwa, itakuwaje kwa binti aliyeachwa peke yake bondeni Rukwa?

Wala tusijidanganye kwamba akiondoka kituoni hana pa kwenda. Tunduma iko karibu, mji wa mpakani wenye biashara kubwa, na Mbeya haiko mbali. Nje ya mipaka nako wanamtaka. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni juu ya nchi kuajiri watumishi wa afya wa nchi nyingine, na mwaka 2023 likataja nchi 55 zenye upungufu mkubwa ambazo zinapaswa kulindwa. Tanzania ni mojawapo. Kinga hiyo ni ya karatasi. Kinga ya kweli ni kumfanya muuguzi aone kwamba kazi yake hapa ina heshima.

Yatupasa pia kumtendea haki kiongozi wa kituo mwenyewe. Mara nyingi mganga mfawidhi au muuguzi mfawidhi ni mtu aliyepewa uongozi kwa sababu ya cheti chake au kwa sababu wengine wote walikwisha kuhama. Alifundishwa kutibu, hakufundishwa kuongoza. Asubuhi yumo wodini, mchana anaandika taarifa, jioni anatafuta mafuta ya gari, na usiku anaitwa tena. Wakubwa humuuliza takwimu. Ni wachache wamuulizao hali ya watu wake. Katika Kitabu cha Kutoka imeandikwa habari za Musa aliyekaa kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, mpaka mkwewe Yethro akamwonya kwamba atajichosha yeye na watu wake pia, achague wasaidizi na kuwagawia kazi. Viongozi wetu wengi wa vituo wanaishi maisha ya Musa kabla ya kufika Yethro. Mtu aliyechoka hukasirika upesi, na hasira yake humwangukia aliye chini yake.

Sasa twaja kwenye neno ambalo pengine halitawapendeza baadhi ya wenzetu. Imekuwa desturi ya baadhi ya viongozi, wa serikali na hata wa Chama, wakifika zahanati wakiwa na msafara, kumsimamisha muuguzi mbele ya wagonjwa na kumkaripia. Umati hupiga makofi. Kiongozi huondoka akijiona ametetea wanyonge. Lakini yule aliyefedheheshwa ndiye atakayekesha na wanyonge hao usiku huo, kwa moyo gani? Na wenzake wa vituo jirani wakisikia, nani kati yao atakubali kupelekwa bondeni?

Desturi hiyo si ya Chama chetu. Mwaka 1971 Halmashauri Kuu ya TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu cha 15 kilikataza waziwazi ubwana, majivuno, dharau na uonevu wa viongozi kwa wale wanaowaongoza. Mwaka mmoja kabla yake, Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 ulikuwa umeagiza kuundwa kwa halmashauri za wafanyakazi katika mashirika ya umma. Katika mwaka 1972 na 1973 wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam walikisimamia kifungu hicho dhidi ya mameneja waliowatukana, na si mara zote walisikilizwa. Mambo mengi ya uchumi wa siku zile yamebadilika. Lakini hakuna kikao chochote kilichowahi kuamua kwamba ubwana na dharau sasa ni halali. Kifungu hicho kilikuwa na maana kiwandani. Kina maana zaidi wodini, ambako hasira ya mfanyakazi aliyedharauliwa humfikia mgonjwa.

Wapo watakaosema tunawalea wauguzi walegevu. Sivyo. Tunajua kuna wauguzi wenye kauli chafu, wanaochelewa, na wachache wanaothubutu kudai fedha kwa huduma ya bure. Hao washughulikiwe. Liko Baraza la Uuguzi na Ukunga, ziko sheria za utumishi, na ziko taratibu za nidhamu ambazo humsikiliza mtu kabla ya kumhukumu. Kiongozi mwema si yule asiyeadhibu. Ni yule ambaye akiadhibu, wote hujua kosa ni nini, na hujua kwamba rafiki yake naye angeadhibiwa vile vile. Zaidi ya hayo, mlegevu hahami, huwa ameridhika. Anayechoka na upendeleo akaondoka ni yule mchapakazi aliyekuwa akibeba zamu za wawili.

Kwa hiyo twashauri mambo matano, na hakuna katika hayo linalongoja fedha nyingi.

La kwanza, kila halmashauri ya wilaya ihesabu waliobaki kama ihesabuvyo waliopelekwa, kituo kwa kituo, na hesabu hiyo isomwe katika baraza la madiwani. Kituo kinachomwaga watu kila mwaka kichunguzwe uongozi wake kabla ya kupelekewa wengine. Gunia lililotoboka halijai kwa kuongezewa nafaka.

La pili, orodha ya zamu, ya semina na ya likizo zipangwe kwa wazi na wahusika wenyewe, na zibandikwe zikiwa na saini zao. Upendeleo huishi gizani.

La tatu, asipewe mtu uongozi wa kituo bila kufundishwa kuongoza: namna ya kuendesha kikao, ya kupanga kazi, ya kusikiliza shauri, na ya kumwonya mtu faraghani. Aliyekwisha pewa, afundishwe sasa.

La nne, mabaraza ya wafanyakazi, yaliyowekewa msingi na sheria ya majadiliano katika utumishi wa umma ya mwaka 2003, yafanye kazi kwa kweli, na sauti ya zahanati za mbali ifike humo. Vyama vya wafanyakazi, TUGHE na TALGWU, pamoja na chama cha wauguzi TANNA, visingoje ugomvi ndipo vifunge safari kwenda bondeni.

La tano ni la matawi yetu. Muuguzi mgeni akifika kijijini, tawi na serikali ya kijiji wamtafutie nyumba yenye mlango unaofungwa, wamjulishe kwa wazee, na wamhesabu kuwa mwenyeji. Akikosa, wampelekee malalamiko mkuu wake kwa utaratibu. Akifanya vyema, mkutano wa kijiji umtaje kwa jina. Mcheza kwao hutunzwa. Na huyu naye, tukitaka abaki, lazima aone kuwa hapa ni kwao.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, tumejenga mengi, na tutajenga mengine. Lakini kituo cha afya hakikamiliki siku ya kukata utepe. Hukamilika pale muuguzi aliyefika akiwa mgeni anapopata nafasi ya kuhama, akaitazama, akaamua kubaki. Uamuzi huo hatuwezi kuununua wote kwa mshahara, wala hatuwezi kuulazimisha kwa waraka. Unatokana na jinsi mkuu wake alivyosema naye jana asubuhi. Wenye madaraka juu ya watu, kuanzia wodi ya Galula mpaka ofisi za mkoa, na wajiulize leo: ni nani tumemfukuza bila kumwambia toka?